Paneli ya kugusa yenye Docker: dashibodi inaganda kila siku ya kumi hivi, na skrini inabaki na namba za zamani

#1 Amooti_Kabarole

Habari za saa hizi wakuu.

Nipo kiwanda cha chai upande wa Fort Portal, kitengo cha umeme na mitambo. Mwaka jana tulifunga paneli ya kugusa ya inchi 10 kwenye mlango wa kabati la umeme la draya, mashine ya kukaushia chai. Ni paneli ya kiwandani hasa, ya volti 24, uso wake unavumilia kurushiwa maji, na ndani ina Linux inayokubali Docker, ile ya kuendesha kila programu ndani ya boksi lake, yaani kontena. Prosesa ni ARM ya biti 32, memori GB 1, hifadhi GB 4. Nikapandisha kontena tatu: Node-RED inayosoma PLC (kompyuta ndogo inayoendesha mitambo) kwa Modbus TCP, lugha ya mawasiliano ya mitambo, kila sekunde, InfluxDB ya kutunza namba, na Grafana ya kuchora. Brauza iliyomo humo humo kwenye paneli inafungua Grafana poti 3000 na kujaza skrini nzima. Joto la hewa inayoingia, joto la inayotoka, mwendo wa feni, uzito wa majani yaliyopita.

Tatizo ni kwamba siku ya tisa, ya kumi, mara nyingine ya kumi na moja, inaganda. Haizimiki, inaganda tu. Picha inabaki nzuri, namba zipo, rangi ya kijani ipo, ila ukigusa haijibu. Nazima swichi, nawasha, inarudi kama hakuna kilichotokea.

Wiki iliyopita mzee anayesimamia draya usiku alikuwa anaangalia joto la nyuzi 118. Nilipoitwa saa nane usiku, ilikuwa bado 118, ile ile ya saa tano. Kipimajoto cha mshale kwenye bomba kilikuwa kimevuka 140. Nilichota chai kiganjani pale mdomoni mwa draya: ilikuwa inavunjika kama mchanga mkavu, na harufu ya moshi ilibaki mkononi hadi asubuhi. Mzee akaniambia, "Mwanangu, mimi nilikuwa naamini kioo chako." Sijalala vizuri tangu siku ile.

Nani amewahi kuendesha kontena kwenye paneli ya namna hii kwa miezi bila kuganda? Na inaganda kwa nini?

#2 Fundi_Busia

Pole sana Amooti. Bila namba tutakuwa tunapiga ramli. Ingia kwenye paneli kutoka laptopu kwa SSH ikiwa bado hai, utuletee majibu ya hizi:

df -h
free -m
docker ps -a
docker stats --no-stream
dmesg | tail -50

Na swali moja ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote: skrini ikishaganda, umewahi kuchukua laptopu ukafungua Grafana ile ile kupitia mtandao? Ikifunguka na namba zinatembea, kontena zako ni nzima na mgonjwa ni kioo. Isipofunguka, tuchimbe ndani.

#3 Nyangoma_Jinja

Mimi naweka dau kwenye logi, yaani kumbukumbu ambazo programu inajiandikia. Docker usipoiambia kitu, logi za kila kontena zinaandikwa kwenye faili la JSON lisilo na kikomo. Linakua tu. Watu wengi wanaacha vitufe vya debug vya Node-RED vinatema mstari kila sekunde halafu wanasahau.

Tupige hesabu. Mstari mmoja wa baiti 200, mara sekunde 86,400 za siku moja, ni kama MB 17. Ukiwa na mistari sita kwa sekunde, unapata zaidi ya MB 100 kwa siku. Siku kumi na moja umekula GB 1.1, na wewe una GB 4 ambazo mfumo wenyewe na imeji za Docker (vifurushi ambavyo kontena zinaundwa navyo) zimeshakalia nusu. Siku kumi, kumi na moja: inalingana kabisa na unachosimulia.

Weka max-size 10m na max-file 3 kwenye daemon.json, faili la mipangilio ya Docker. Ila angalia, mpangilio huo unashika kwenye kontena mpya tu. Za zamani lazima uzifute uziunde tena, ukiziwasha upya tu haitoshi. Mimi nilipoteza wiki nzima kwa kutolijua hilo.

#4 Kato_wa_Mitambo

Dada Nyangoma yuko sawa kuhusu logi, naongeza na InfluxDB. Isipopewa muda wa kutunza, hutunza milele. Mpe siku 30, za zamani zijifute.

#5 Amooti_Kabarole

Asanteni. Leo ni siku ya nane tangu niwashe, kwa hiyo bado inatembea. Diski imejaa asilimia 71. Memori iliyobaki ni MB 38. Kontena zote tatu zinasema Up 8 days. Kwenye docker stats Grafana inakula MB 90 hivi, InfluxDB 160, Node-RED 110. Kwenye dmesg, yaani ujumbe wa Linux yenyewe, sioni kitu cha kutisha.

Fundi_Busia, kuhusu laptopu, sijawahi kujaribu. Ikiganda huwa kuna kelele, meneja amesimama nyuma yangu, nakimbilia swichi.

#6 Opio_Tororo

Hapo kwenye swichi ndipo ushahidi wako unapofia. Dmesg inakaa kwenye memori. Ukizima, kila kitu ambacho Linux ilitaka kukuambia kimeondoka. Halafu unaingia baada ya kuwasha, unasoma dmesg safi, unasema huoni kitu. Ni kama kuosha mahali pa ajali kabla ya kumwita afande.

Sasa jumlisha namba zako: 90 na 160 na 110 ni 360. Una GB 1. Zimebaki MB 38. Hizo MB 600 nyingine nani anazila? Mfumo wenyewe hauli zote hizo. Brauza, mkuu. Brauza ya paneli haimo ndani ya kontena, kwa hiyo docker stats haiioni. Umeweka chati ngapi na zinajichora upya kila sekunde ngapi?

#7 Amooti_Kabarole

Chati 12. Kila sekunde 5. Kila moja inaonyesha saa 6 zilizopita.

#8 Opio_Tororo

Basi. Chati 12 mara 17,280 kwa siku. Brauza ndogo ya paneli inavuja kidogo kidogo, siku ya kumi imejaa. Weka sekunde 30, punguza chati ziwe nne, na kila usiku zamu ikibadilika iwashe brauza upya kwa cron, kipanga kazi cha Linux. Wala usiguse kontena.

#9 Mwalimu_Joto

Wote mmeacha kuuliza kabati liko wapi. Kasema mwenyewe: kwenye mlango wa kabati la draya! Draya inayovuta hewa ya nyuzi 118! Paneli nyingi za aina hii zimeandikwa mwisho wa joto linaloizunguka ni nyuzi 50 au 55, na hilo ni joto la hewa ndani ya kabati, siyo la chumba. Ndani mna vigeuzi vya mwendo wa feni vinavyotoa joto lao, mlango umefungwa, feni ya kabati ina kichujio ambacho kimeziba vumbi la chai. Prosesa ikipata moto inapunguza mwendo, ikizidi inasimama.

Mimi nilikuwa kwenye kiwanda cha sukari huku Busoga, upande wa boila. Paneli iliganda kila alasiri msimu wa kiangazi. Tulibadilisha programu mara nne. Siku moja mama anayefagia akauliza kwa nini kile kioo kinachoma mkono. Tukafungua kabati tukakuta kichujio kimekuwa kama blanketi. Tulikisafisha, mwezi mzima haikuganda.

#10 Fundi_Busia

Mwalimu, joto lako tunaliheshimu, lakini joto lingegandisha saa tisa alasiri kila siku. Lisingengoja siku ya kumi usiku saa tano. Fort Portal usiku kuna baridi ya koti.

#11 Mwalimu_Joto

Baridi ya nje haiingii kwenye kabati lililofungwa kando ya draya inayofanya kazi usiku kucha. Aweke kipimajoto ndani, tuone. Naomba hilo moja tu.

#12 Bwera_Mpakani

Mimi nina wazo lingine. Amooti, hebu andika hii utuambie inasema nini:

docker exec nodered date

Kwenye ARM za biti 32 kuna mtego. Imeji zilizojengwa juu ya Alpine (Linux ndogo ya kujengea kontena) kuanzia toleo 3.13 zinataka Docker 19.03.9 au zaidi na libseccomp (maktaba ya usalama ya Linux) 2.4.2 au zaidi kwenye mfumo wa chini. Paneli za kiwandani mara nyingi zina mfumo wa zamani ambao mtengenezaji hausasishi. Matokeo yake saa ndani ya kontena inakwenda kombo kabisa, unakuta mwaka 1970, wakati nje ya kontena tarehe ni sawa. Programu inayopanga kazi kwa saa inachanganyikiwa.

#13 Amooti_Kabarole

Imejibu mwaka sawa, siku sawa. Ila saa imepishana. Hapa ni saa mbili usiku, yaani 20:00, yenyewe inasema 17:00.

#14 Bwera_Mpakani

Basi siyo mtego ule. Hiyo ni UTC, saa ya kimataifa, sisi tuko saa tatu mbele. Weka TZ=Africa/Kampala kwenye kontena ya Node-RED. Kama imeji haina tzdata (orodha ya saa za maeneo ya dunia), haitabadilika hadi uiongeze.

#15 Nyangoma_Jinja

Na msiidharau hiyo. Kwetu ripoti ya zamu ilikuwa inafungwa saa sita usiku ya UTC, ambayo kwetu ni saa tisa usiku. Zamu ya usiku ikagawanywa vipande viwili, na kijana mmoja akakatwa posho kwa uzito ambao alikuwa ameupitisha kweli. Tuliligundua baada ya wiki tatu. Nilikwenda kumwomba radhi mwenyewe.

#16 Kato_wa_Mitambo

Mkiwa hapo hapo kwenye saa: mzee wa draya anasoma saa gani? Kwetu waendeshaji wengi, wawe wanasema Kiswahili, Luganda au Rutooro, 20:00 ni saa mbili. Mimi kwenye dashibodi yangu nimeandika "saa 2 usiku" kwa Node-RED: toa sita, kama jibu ni sifuri au chini yake ongeza kumi na mbili, kama limezidi kumi na mbili toa kumi na mbili. Mistari mitano. Waendeshaji waliacha kuniuliza "hii 20 ni nini" siku ile ile.

#17 Atenyi_Programu

Kato, nimeipenda hiyo. Naiiba.

#18 Mzee_Ngazi

Nimesoma yote. Nina miaka mingi kwenye PLC, tangu tunachora ngazi, yaani michoro ya programu za PLC, kwenye karatasi. Naomba kusema jambo ambalo mnalizunguka.

Mnatafuta kwa nini kioo kiliganda. Mimi nauliza kwa nini kioo kuganda kuliweza kuunguza chai. Joto lilivuka 140 na PLC ilikuwa inaliona, maana sensa imefungwa kwenye PLC. Kwa nini PLC haikupiga king'ora? Kwa nini haikupunguza moto? Kama alama ya hatari iko kwenye Grafana peke yake, umemkabidhi ulinzi wa draya mchoraji wa picha. Modbus ipo tangu 1979, ilikuwepo kabla ya kontena, na kabla yake kulikuwa na waya. Chukua taa ya mnara, nyekundu na kijani, na king'ora, vyote vifungwe kwa waya kwenye matokeo ya PLC. Kioo kiwe cha kusomea tu.

Na pale juu ya skrini weka kihesabio kinachotoka PLC, kinapanda kila sekunde. Kikisimama sekunde tano kigeuke chekundu, mzee ajue kioo kimekufa.

#19 Opio_Tororo

Shikamoo mzee. Nakubali yote isipokuwa hilo la mwisho. Kihesabio hicho kinachorwa na brauza ile ile iliyoganda. Nani atakigeuza chekundu? Kitaganda kikiwa kijani, kama kila kitu kingine.

#20 Mzee_Ngazi

Marahaba. Umenisahihisha, na una haki. Basi kiwe kitu kinachotembea daima, mkono wa saa wa sekunde kwa mfano, na waendeshaji wafundishwe: mkono ukisimama, usiamini namba yoyote. Jicho la mtu linaona kilichosimama haraka kuliko linavyoona rangi. Na PLC yenyewe ipokee ishara kutoka Node-RED kila sekunde. Ikikosekana, taa ya njano kwenye mnara iwake.

#21 Fundi_Busia

Taa ya njano itaonyesha Node-RED imekufa. Kama kilichokufa ni brauza peke yake na Node-RED inapumua, taa haitawaka. Ndiyo maana narudia: laptopu, Amooti. Laptopu kabla ya swichi.

#22 Kiwanuka_Namanve

Wakuu samahani kuingilia, lakini kwa nini hasa mtu aweke Docker kwenye paneli? Kuna paneli za kawaida zenye programu yake ya kuchorea skrini, unachora, unapakia, miaka kumi haigandi. Kontena ni mambo ya seva.

#23 Atenyi_Programu

Nikujibu kwa moyo kabisa, kwa sababu nimekaa pande zote mbili.

Ile programu ya kuchorea inauzwa kwa leseni. Kiwanda kidogo kinanunua moja, inakaa kwenye laptopu ya mtu mmoja, mtu anaondoka na laptopu yake. Mradi haufunguki tena. Nimeona mashine nzima, nzuri, ambayo hakuna mtu Uganda anayeweza kubadilisha neno moja kwenye skrini yake. Bado inasema "Pumpe 2" kwa Kijerumani na waendeshaji wamebandika plasta juu yake na kuandika kwa kalamu.

Kwenye kontena kila kitu changu ni faili mbili tatu za maandishi. Paneli ikifa, nachukua nyingine hata ya kampuni tofauti, naweka fleshi, nusu saa kazi inaendelea. Grafana na Node-RED ni bure, na kijana yeyote aliyesoma kidogo anaweza kuzishika. Kwa nchi kama yetu hilo ni jambo kubwa.

Ila kuna adabu zake. Usivute imeji kutoka mtandaoni ukiwa kiwandani. Tangu Novemba 2020 Docker Hub ina kikomo cha kuvuta kwa anwani moja ya IP, na huku kwenye laini za simu tunachangia anwani moja watu wengi, unaweza kugonga kikomo ambacho hukukitumia wewe. Vuta nyumbani, fanya docker save kwenye fleshi, kiwandani docker load.

#24 Bwera_Mpakani

Na useme pia ile ya laptopu ya Intel! Nilivuta imeji tatu Kasese mjini, nikapanda boda hadi kituo cha pampu, jua kali, nikaziingiza kwenye paneli, ikanijibu "exec format error". Imeji zilikuwa za prosesa ya laptopu. Nikarudi. Tangu siku ile naandika:

docker pull --platform linux/arm/v7

na sitoki nyumbani kabla ya kuhakikisha kwa docker inspect. Na InfluxDB 2 hutapata imeji rasmi ya ARM ya biti 32. Baki na 1.8.

#25 Amooti_Kabarole

Ninayo 1.8, nilipitia njia hiyo hiyo.

#26 Lule_Masaka

Hamjagusa umeme. Umeme ukicheza, paneli inapata mshtuko, hifadhi inaandikwa nusu, Linux inaona kosa inafunga diski iwe ya kusoma tu. Baada ya hapo kila kitu kinaonekana kizima ila hakuna kinachoandikwa. Grafana inatunza mipangilio yake kwenye SQLite, nayo haipendi kukatiwa kalamu mkononi. Weka UPS (betri ya akiba) ndogo ya volti 24 ndani ya kabati. Ajabu ni kwamba tuna bwawa la umeme la Karuma la MW 600 tangu 2019 na bado umeme unacheza.

#27 Kiwanuka_Namanve

Ya 2019 ni Isimba, MW 183. Karuma imezinduliwa 2024. Na umeme mwingi bwawani hauzuii waya wa kijijini kuangukiwa na mti.

#28 Lule_Masaka

Sawa, nimekubali Isimba. UPS bado nunua.

#29 Kato_wa_Mitambo

Hata bila umeme kucheza, kuandika kila sekunde kunachosha ile hifadhi iliyolehemewa kwenye bodi. Node-RED ikusanye namba kumi kisha iandike mara moja. Wala chai haitabadilika ndani ya sekunde kumi.

#30 Fundi_Busia

Jambo la pembeni lakini sitalala nisipolisema. Amooti, nenosiri la Grafana bado ni admin? Na paneli iko mtandao mmoja na Wi-Fi ya ofisi? Docker ikifungua poti inapita juu ya ufw, ukuta wa usalama wa mtandao kwenye Linux, watu wanadhani wamefunga kumbe wazi. Kama wa kuiona ni brauza ya humo humo tu, andika 127.0.0.1:3000:3000. Ukitaka kuiona kwa laptopu, badilisha nenosiri kwanza.

#31 Amooti_Kabarole

Nenosiri limebadilika leo.

#32 Amooti_Kabarole

Narudi na habari baada ya wiki mbili na nusu. Nilifanya haya: logi zina kikomo, kontena nimeziunda upya, chati zimebaki 5 na zinajichora kila sekunde 30, InfluxDB inatunza siku 30. Nilifunga taa ya mnara na king'ora kwenye PLC kama Mzee Ngazi alivyosema, na PLC inapunguza moto yenyewe ikifika 130. Nikaweka kipimajoto ndani ya kabati.

Siku ya kumi na moja ilipita. Ya kumi na mbili ikapita. Nilishaanza kuandika shukrani hapa. Siku ya kumi na sita, saa kumi jioni, ikaganda.

Safari hii sikugusa swichi. Meneja alisimama nyuma yangu nikamwambia "bosi nipe dakika tano". Nikachomeka laptopu. Grafana ikafunguka, namba zinatembea. Kontena zote Up 2 weeks. Memori iliyobaki MB 210. Dmesg haina mahali imeandika kwamba imeua programu kwa kukosa memori. Diski asilimia 58. Brauza ukiangalia kwa top ipo, haijafa, ila haichori na mguso haujibu.

Kipimajoto ndani ya kabati: nyuzi 61.

Mzee wa draya hakuwa na wasiwasi. Alisema, "Taa ni ya kijani, endelea na kazi yako."

#33 Mwalimu_Joto

SITINI NA MOJA. Nilisema #9, nikasema tena #11. Paneli ya nyuzi 50 inaishi kwenye 61 na mlikuwa mnahesabu mistari ya logi!

#34 Opio_Tororo

Taratibu mwalimu. Kontena zipo hai, prosesa inafanya kazi, laptopu inapata majibu. Joto limechagua kugandisha brauza peke yake? Nilisema #6 ni brauza na ni brauza. Kuchora kila sekunde 30 kumeisogeza kutoka siku kumi hadi kumi na sita, haijaponya.

#35 Mwalimu_Joto

Sehemu ya kuchora picha ndani ya prosesa inaweza kuchoka kabla ya nyingine. Na kidhibiti cha mguso kina chipu yake, iko nyuma ya kioo, mahali penye joto kuliko pote.

#36 Nyangoma_Jinja

Kaka Amooti, hongera kwa kutogusa swichi, hiyo imetusaidia kuliko lingine lolote. Lakini umebadilisha mambo matano kwa mpigo. Hatujui lipi limekupa zile siku tano za ziada. Inaweza kuwa logi, inaweza kuwa chati, inaweza kuwa wiki ile ilikuwa na mvua na kabati lilipoa.

#37 Lule_Masaka

Au umeme haukukatika wiki hizo.

#38 Amooti_Kabarole

Ulikatika mara mbili, jenereta ilishika, na paneli haikuzima.

#39 Mzee_Ngazi

Nimefurahi kusikia habari ya taa. Sasa mnaweza kubishana bila chai kuungua.

Amooti, fanya moja moja. Kwanza safisha kichujio cha feni ya kabati, uache kila kitu kingine kama kilivyo. Kabati likishuka chini ya 50 na paneli ikavuka siku ishirini, Mwalimu ameshinda. Ikiganda tena siku ya kumi na sita na kabati ni baridi, turudi kwa Opio.

#40 Opio_Tororo

Ningeanza kinyume: cron ya kuwasha brauza upya kila usiku, kabati liachwe na moto wake. Ila mzee kasema, kichujio kwanza.

#41 Amooti_Kabarole

Kichujio nimekitoa sasa hivi. Nilikigonga ukutani nje ya stoo, vumbi la chai lililotoka lingejaza kikombe. Kabati nimelifunga, paneli nimeiwasha upya saa kumi na mbili zamu ikibadilika, ili siku tuzihesabu kuanzia moja. Mzee ameandika tarehe kwa chaki kwenye mlango wa kabati.